Rumba Chini ya Meza

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya ukumbi mzima, tena kwa kipaza sauti. Nimekimbilia internet kafe hapa Tukuyu na gauni langu la jukwaani, rangi ya mdomo imefika kidevuni, na kaka mwenye kafe ananiangalia kama nimetoroka mahali. Aangalie tu.

Mnaijua bendi yetu. Ndiyo, ile mnayoicheka. Wakati kila kijana mjini anataka bongo fleva, sisi tunapiga rumba, bolero na cha-cha-cha za taratibu, zile walizocheza wazazi wetu wakiwa vijana. Wanaume suti za mitumba na tai za kipepeo, mimi gauni refu na glavu. (Za mitumba pia. Zote mbili ni za mkono wa kushoto.) Mume wangu, Lusajo, anapiga besi.

Leo ilikuwa siku ya kufa na kupona. Bwana Seif, aliyeinunua ile hoteli ya serikali iliyokuwa imelala, alitupa mchana mmoja tu wa majaribio. Akiridhika, Jumamosi zote zetu. Asiporidhika, ananunua redio kubwa ya CD na sisi tunarudi kupiga kwenye sherehe za kipaimara. Wageni walikuwa wakulima wa kahawa, wazee tupu, waliokaribishwa vinywaji na mnunuzi mmoja binafsi anayetaka wamuuzie yeye. (Siku hizi wanunuzi ndio wanaobembeleza!) Bwana Seif akawachanganyia juisi ya nanasi na tangawizi kwenye glasi za miguu mirefu, akaiita kokteli.

Nyimbo mbili za kwanza, kimya. Wazee wanakoroga kokteli kama uji. Bwana Seif akanifuata pembeni ya jukwaa.

"Binti, hapa naona msiba. Shuka! Waimbaji wa zamani walikuwa wanashuka, wanamwimbia mteja mezani."

"Mteja gani?"

"Yeyote! Chagua mzee mtanashati."

Nikashuka. Karibu na ukuta nikamwona mmoja, kofia ya pama imekaa upande, mvi safi, macho ya ucheshi. Mtanashati kweli! Nikamwendea kwa madaha. Nikageuka kumwangalia Lusajo jukwaani. Anatikisa kichwa kwa nguvu, macho yamemtoka. Nikasema moyoni, mume wangu leo kanogewa na besi.

Nikaegemea meza. Nikamvua mzee kofia, nikaivaa mimi. Nikamkazia macho, nikaimba, "Wewe ndiwe chaguo langu, wengine nawaaga." Mzee akaganda. Jasho likamtoka. Nikadhani haya zimemshika, nikazidisha! Ubeti ulipoisha nikainama kumpa heshima, na hapo ndipo nikaviona viatu.

Viatu vile navijua. Vya kahawia, cha kulia kimeshonwa kwa waya wa shaba. Vya baba mkwe!

(Kwa msio wa huku: kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akija, unachuchumaa na kuinamisha macho. Mkikutana njiani, unachepuka kwenye migomba. Hata siku ya harusi yangu niliangalia maua tu. Miaka yote hii ya ndoa, uso wa mzee siujui. Viatu ndivyo ninavyovijua.)

"Mama yangu weee!" Kwenye kipaza sauti. Nadhani hadi sokoni wamesikia.

Miguu ikaamua yenyewe: nikaingia chini ya meza. Kofia yake kichwani! Kipaza sauti mkononi! Kule juu Lusajo na wenzake, kwa kuchanganyikiwa, waliendelea kupiga. Nikaziona Jumamosi zetu zinaondoka hivi hivi. Nikafumba macho, nikaendelea kuimba humo humo chini ya kitambaa, nalia na kuimba kwa pamoja. Sauti ilitetemeka vizuri ajabu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ndio mtindo!

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Viatu vikageuka, vikaelekea ukutani. Nikajua nimekwisha. Lakini nikasikia sauti ya mzee ikimwambia mhudumu:

"Mwambie huyo mama asikate wimbo. Rumba za namna hii tulizicheza sana kule migodini. Aimbe tu, mimi simwangalii."

Na viatu vikaanza kucheza. Uso ukutani, mgongo kwangu, heshima imetimia na kiuno kinafanya kazi yake! Wazee wenzake wakainuka mmoja mmoja, wakajipanga naye, wote wakiangalia ukuta, wakidhani ndivyo inavyochezwa. Nikatoka chini ya meza taratibu nikaimba kwa sauti yangu yote, nimeitazama ile migongo inavyoyumba. Nilifurahi, jamani, sijawahi kufurahi hivyo jukwaani.

Wimbo ulipoisha nikampa mhudumu kofia aipeleke. Mzee akaipokea kwa mkono aliounyoosha nyuma, bila kugeuka. "Ndaga fijo," akauambia ukuta, yaani asante sana, na ukumbi mzima ukaitikia kwa vigelegele. Bwana Seif alikuja mbio, kokteli inamwagika.

"Jumamosi zote zenu! Ila ile ya chini ya meza lazima iwemo!"

Kwa hiyo chekeni mchoke. Mkija Jumamosi, kuna kiti kimoja tu msikikalie: baba mkwe ameagiza awekewe chake kila wiki, kimeangalia ukuta.