Kahawa kwa Kadi ya Shemeji

Jumatatu, 24 Julai

Tuko melini! Tumeng'oa nanga Pireo mchana, bendi inapiga, watu wanawapungia mikono watu wasiowajua. Mke wangu Evanthia amelia kidogo. Akasema ni upepo. Mwezi wa pili madaktari walimfungua kifua, na tangu hapo akilia huwa ni upepo.

Safari ni zawadi ya kaka yake, Anestis. Shemeji yangu. Ana maduka ya vigae vya bafuni na tumbo la kuonyesha kwamba yanauza. Kalipia vyote: vyumba, vyakula, hata kofia niliyovaa. Nimemshukuru. Nimemshukuru mara nyingi leo mpaka taya linauma.

Pigo la kwanza limekuja wakati wa kahawa. Mfukoni nilikuwa na yuro kumi na mbili, mali yangu halali. Nikaagiza vikombe vitatu, nikatoa noti kwa madaha. Binti wa kaunta akatikisa kichwa. Humu ndani pesa taslimu haipokelewi! Kila kitu ni kwa kadi ya chumba. Na kadi ya chumba inakata wapi? Kwa Anestis! Kwa hiyo nimemnunulia Anestis kahawa kwa pesa za Anestis. Akanipiga bega, akasema, "Asante shemeji, leo umejitutumua." Meza ya jirani ikacheka.

Nikateremka mapokezi. Nikaambiwa naweza kufunguliwa kadi yangu binafsi, ila kianzio ni yuro hamsini. Nikasema sawa, nitarudi. Nikaondoka na kifua mbele kana kwamba nimesahau pochi tu chumbani.

Hamsini! Kadi yangu ya benki iko kwenye mkoba wa Evanthia tangu lile suala la konokono. Sitaki kulieleza. Mradi wa kufuga konokono ulikuwa mzuri kabisa, tatizo ni kwamba konokono hupanda kuta, na jambo hilo hakuna aliyeniambia.

Sasa shida yenyewe. Alhamisi ni sikukuu ya Mtakatifu Panteleimon, siku ya jina langu mimi Pandelis. Kwetu mwenye jina ndiye anayewanywesha wengine, si wao wanaomnywesha yeye. Usiponunua, bora ungebatizwa jina lingine. Na Anestis ameshatangaza mezani: "Alhamisi msiwe na wasiwasi, nitamnunulia Pandelis sikukuu yake." Jina langu, mtakatifu wangu, halafu kahawa ya Anestis! Hospitali alilipa yeye. Meli kalipa yeye. Toka Evanthia alipougua sijamnunulia mke wangu hata glasi ya maji kwa pesa yangu. Alhamisi nitamnunulia. Potelea mbali, nitamnunulia.

Jumanne, 25 Julai

Patmo. Mpango ulikuwa safi.

Monasteri iko juu kilimani, jua ni kali, na abiria wa meli nzima wanapanda kwa miguu. Watafika juu wakiwa hoi. Watakuwa na njaa. Na mimi je? Mimi tayari nitakuwa juu, na mikate ya jibini na mayai! Asubuhi meza ya kujipakulia haina mlinzi. Nilijipakulia mara kadhaa. Mpishi mmoja aliniuliza kama naumwa.

Evanthia alitaka tukae ufukweni, tutie miguu majini. Nikamwambia tumbo limenivuruga, daktari alisema nitembee. Akauliza daktari gani. Nikasema wa zamani. Akaniangalia sana, kisha akaenda kukaa peke yake.

Nilifika juu nikiwa hoi mimi. Nikapanga bidhaa ukutani. Mteja wa kwanza, Mholanzi mrefu. Akauliza bei. Nikamwonyesha vidole vitatu. Akaangalia mkate, akaangalia karatasi niliyoufungia, ina nembo ya meli, nanga ya dhahabu kubwa kabisa. Nikajua nimekwisha.

Hapana, mambo yalikuwa mabaya zaidi! Yule bwana akafurahi. Akawaita wenzake. Wakadhani meli imenituma! Foleni ikajipanga vizuri, kila mtu akachukua chake bure, akasema asante. Bibi mmoja akaniuliza chumvi iko wapi. Mwingine akadai yeye hali jibini, akataka jina langu aniripoti. Nikampa jina la Anestis.

Faida ya siku: yuro mbili, bakshishi kutoka kwa Mholanzi. Jumla kumi na nne.

Niliporudi Evanthia alikuwa na chumvi ya bahari miguuni na viatu mkononi. Akanisimulia jinsi samaki wadogo walivyokuwa wakimdonoa vidole. Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa napiga hesabu, sikusikia vizuri.

Jumatano, 26 Julai

Rodo. Wote wameteremka kwenda kuona ngome. Evanthia akaniomba twende. Nikataja goti. Akasema, "Jana tumbo, leo goti, kesho sijui utaniambia nini." Akaenda na kaka yake.

Mimi nina kazi. Jana jioni niliwasikia kina mama fulani wakilalamika kwamba kahawa ya humu ni nzuri na mashapo yametulia vizuri chini, lakini hakuna wa kuwasomea kikombe, yaani kuwatabiria kwa yale mashapo. Moyo ukaniruka! Nyanya yangu alitoka Smirna. Wanawake wa Smirna wanasoma vikombe toka enzi. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa akiviosha tu, lakini damu ni damu.

Nikakaa sitaha ya nyuma, kivulini, uso mzito. Wakaja madada wawili kutoka Larisa. Nikageuza kikombe cha kwanza kwenye kisosi, nikakiinua, nikakodoa. Nikasema naona safari. Wakashikana mikono. Safari, wakati tuko ndani ya meli! Wa pili nikamwambia namwona mwanamume mwenye mali. Yuro tano tano, taslimu, bila maneno. Nikajilaumu kwa miaka yote niliyopoteza na konokono.

Kisha akaja Bi Poliksene. Mama kutoka kisiwa cha Hios, nguo nyeusi, mikono iliyotulia. Mumewe Stamatis alikuwa baharia, alifariki zamani. Aliniambia walipoagana mara ya mwisho waligombana mlangoni kwa ajili ya bomba linalovuja, na akaenda. Hakurudi. Anachotaka kujua ni kimoja: bado amekasirika?

Hapo ndipo nilipaswa kusimama na kusema mama, mimi sijui kitu. Nilikuwa na ishirini na nne, nahitaji hamsini. Nikakiangalia kile kikombe. Kilikuwa na mashapo tu. Nikasema ninamwona mwanamume ameketi karibu na maji, anamenya chungwa. Hana hasira hata kidogo. Anasema, "Mwambieni mke wangu, kware wangu, asijisumbue."

Akaniomba niseme tena. Nikasema tena, mara hii polepole zaidi, na kusema kweli nilianza kumwona yule mtu. Kisha akanisimulia habari zake: alivyokuwa akinyoa huku anaimba, alivyoleta kasuku kutoka mbali na kasuku akawa anatukana majirani. Tulikaa hapo mpaka waliokwenda ngomeni wakarudi. Akaweka yuro thelathini mezani. Nilikusudia kukataa. Mkono ukatangulia.

Nimekwenda mapokezi. Nina kadi! Ina jina langu, Pandelis, hakuna mwingine. Nimeitia mfukoni, nimeigusa labda mara mia. Kwa nini sina raha? Sijui. Labda ni yale mayai ya jana.

Alhamisi, 27 Julai

Siku ya jina langu.

Baada ya chakula cha mchana tukakusanyika baa ya juu. Watu kumi hivi, Wagiriki wote ambao Anestis alikuwa amewaalika kwa niaba yangu. "Kunyweni, kunyweni, mimi nipo!" Nikasimama. Nikatoa kadi yangu. Nikasema leo hakuna atakayelipa isipokuwa mwenye jina. Anestis akafumbua mdomo, akaufumba. Mungu wangu, ule mdomo! Ningependa uchorwe.

Evanthia akauliza pesa nimepata wapi. Nikasema mtu akiwa na bidii hakosi. Mara hiyohiyo nyuma yangu sauti ikanitakia heri ya sikukuu: miaka mingi, mwanangu. Bi Poliksene. Akavuta kiti, akakaa kando ya mke wangu, akamwambia mbele ya watu wote: mama, una mume mwenye kipaji, jana amenisomea kikombe nikalala vizuri.

Anestis akapasuka kicheko mpaka akashika meza. "Huyu? Huyu hata mita ya umeme haisomi!"

Wote wakacheka. Evanthia hakucheka. Akaniangalia mimi, akamwangalia yule mama mwenye nguo nyeusi, na nikaona ameelewa pesa imetoka wapi. Masikio yakawaka moto. Nikasimama nikamwambia Bi Poliksene kwamba nilimdanganya. Sijui kusoma kikombe. Nitamrudishia pesa yake, sijui kwa vipi, lakini nitairudisha. Na shemeji yangu akasikia kila neno.

Bi Poliksene hata hakushtuka. Akasema alijua toka mwanzo. Stamatis hakuwahi kumwita kware. Alikuwa akimwita "wewe", na siku akiwa na furaha sana, "wewe mama." Na machungwa yalimletea vidonda mdomoni, asingemenya chungwa hata mbinguni. Lakini watoto wake, akimtaja baba yao, humwambia mama kula chakula chako. Jana kuna mtu alikaa naye mchana kutwa akimuuliza, na yule kasuku je, akatukana nini? Hicho ndicho alicholipia. Akanigongea meza: "Pesa yangu siitaki. Leo siku ya jina lako. Ninunulie kahawa, halafu ukae chini unyamaze."

Nikamnunulia. Nikawanunulia wote. Kadi ikapita, mashine ikalia, risiti ikatoka. Anestis akanywa yake, akasema asante, bila utani hata mmoja. Evanthia alikunywa yake mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshinda! Na nilitamani kuingia chini ya meza.

Baadaye Evanthia akaniita pembeni, kwenye ukingo wa sitaha. Nilitegemea matusi. Ningependelea matusi. Akaniuliza taratibu, toka Jumatatu nimekaa naye saa ngapi. Nikaanza kuhesabu, nikaacha. Akasema Patmo ameiona na samaki, Rodo ameiona na Anestis. Akasema siku ile wanamsukuma kwenda kupasuliwa hakuwaza nani atalipa. Aliwaza kwamba akitoka mzima, anataka kukaa na huyu mpumbavu wake mahali penye upepo, waangalie nje, wasiseme kitu. Anestis alipomuuliza anataka zawadi gani, ndiyo sababu akachagua meli. "Kahawa nitakunywa hata ya kwenye ndoo, Pandelis. Wewe uko wapi?"

Nililia. Sikusema ni upepo. Nikamwambia nimeelewa, na ni kweli, nimeelewa kabisa, kifua chote kimeelewa. Kesho alfajiri meli inaingia Pireo. Tumekubaliana tutasimama mbele kabisa, sisi wawili, tuuone mji ukija. Nimemwapia kwa mtakatifu wangu, siku yake mwenyewe.

Ijumaa, 28 Julai

Niliamka kabla yake! Nimenyoa, nimevaa shati safi, nimemshika mkono mpaka juu. Bado kulikuwa na ukungu kidogo, milima ya Attika inaanza kuonekana. Alikuwa anatabasamu. Akanilalia begani. Akasema baridi. Nikasema nisubiri hapohapo mpenzi, nakuletea shali, narudi sasa hivi.

Na ningerudi sasa hivi! Lakini kwenye ujia wa vyumba nikakutana na bwana mmoja kutoka Kavala, anavuta masanduku, ananiuliza kwa heshima kama mimi ndiye yule wa vikombe. Mkewe ana kikombe, amekihifadhi chooni toka jana, anaogopa kukiosha. Ningefanyaje? Ni ubinadamu tu. Nikaingia. Kikombeni nikamwona mjukuu njiani. Wakafurahi! Halafu bwana akaniambia jambo la ajabu: mwezi wa tisa meli hiihii imekodiwa na chama cha wajane wa Thesaloniki. Meli nzima! Nikamwomba arudie. Nikamwomba namba ya mwenyekiti wao, akawa anaitafuta, miwani haionekani, tukaitafuta miwani.

Nilipotoka injini zilikuwa zimezimwa. Juu hapakuwa na mtu, ni mfanyakazi mmoja tu anapiga deki. Evanthia nilimkuta chini kwenye foleni ya kushuka, koti la Anestis mabegani. Hakugomba. Aliniuliza tu kama nimepata shali. Nikasema ninalo, hili hapa. Akasema, "Basi lishike wewe, jua limeshatoka."

Amekasirika kidogo, atapoa. Ni kwa kuwa bado sijamweleza. Septemba nitampeleka mimi, kwa pesa yangu, bila senti ya shemeji! Atakaa mbele kabisa penye upepo, aangalie visiwa kutwa nzima, na mimi nitakuwa palepale melini, sitaha ya chini, nasoma vikombe. Atafurahi sana.