Vitufe Kumi na Saba kwa Mtoto wa Miaka Mitatu

Jumatatu, 12 Mei

Binti yangu Rosaura ametangaza vita dhidi ya simu. Mjukuu wangu Jacinta haruhusiwi tena kuigusa. Mtoto anatimiza miaka mitatu Jumapili, na mama yake anataka apewe chombo cha kusikilizia nyimbo na hadithi. Kisicho na kioo. Rahisi kutumia. Kimoja tu, kasema, maana nyumba yake si duka la redio.

Nikamwambia aniachie mimi. Miaka thelathini na mmoja nimesoma taarifa ya habari redioni. Mkoa mzima wa Salta ulikuwa unarekebisha saa kwa sauti yangu! Nani anajua mambo ya sauti kunizidi?

Rosaura akakohoa kidogo. Akasema Delmira naye ameomba kuchagua. Delmira! Mama wa mkwe wangu Fabricio. Alifundisha nyimbo chekechea, basi anajiona mama wa muziki wote duniani. Rosaura kaamua kila mmoja alete chake siku ya sherehe, mtoto avijaribu, yeye atoe hukumu.

Vizuri. Mchuano. Mimi sijawahi kushindwa mchuano. (Ule wa uenyekiti wa mtaa hauhesabiki. Kura zilichakachuliwa.)

Alasiri nikapita dukani kwa Wenceslao. Nimechukua dude kubwa kuliko yote. Vitufe kumi na saba! Taa za rangi sita! Maikrofoni mbili! Wenceslao akauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema mitatu. Akatazama dari. Wivu tu.

Jumanne, 13 Mei

Nimelijaribu dude. Kuliwasha ni rahisi. Kulizima ndiko kwenye kazi. Nilibonyeza kitufe cha kijani, likaanza kupiga ngoma ya chacarera. Nikabonyeza cha njano, likaongeza sauti. Nikabonyeza vyote kwa mpigo, mwanamke fulani akaanza kuhesabu kwa Kijerumani.

Ercilia wa jirani akagonga ukuta. Nami nikagonga. Akaja mlangoni, kashika kiuno, akauliza kama nimefungua ukumbi wa dansi. Nikamjibu kwamba hii ni elimu ya awali.

"Basi elimisha taratibu, Mzee Nicanor," akasema. "Mbwa wangu yuko chini ya kitanda, hataki kutoka."

Nimelizungushia poncho zangu mbili za sufu na kulifungia kabatini. Liliendelea kuhesabu mpaka betri ilipoisha. Kitabu cha maelekezo sijakifungua. Vitabu hivyo vimeandikwa kwa ajili ya watu wasiojiamini.

Jumatano, 14 Mei

Upelelezi. Nimemtembelea Delmira na humita nne za moto, bado zimo ndani ya maganda yake ya mahindi. Akashangaa, maana mwaka mzima sijakanyaga kwake. Nikasema ni undugu tu. Akanitazama kama fundi anavyotazama gari lililogongwa.

Chombo chake sasa! Kisanduku cha mbao, kinaenea kwenye viganja viwili. Kifundo kimoja cha kuzungusha, cha kuongezea sauti. Basi! Kuna kadi za picha: ukichomeka ya farasi, kinaimba wimbo wa farasi, ukiichomoa, kimya. Nikauliza hiki ni cha muziki au cha kuwekea viberiti. Nikazungusha kifundo mpaka mwisho. Sauti ikabaki ya upole vilevile. Nikasema kinaumwa. Delmira akasema ndivyo kilivyotengenezwa, masikio ya mtoto si ya kupigiwa makelele. Halafu akaongeza, bila hata kutabasamu:

"Mtoto anataka wimbo, Mzee Nicanor. Harushi ndege."

Jibu nililipata njiani wakati wa kurudi. Lilikuwa kali sana.

Lakini kabla ya hapo! Alinionyesha kadi nyeupe isiyo na picha. Unaichomeka, unabonyeza kitufe kidogo cha nyuma, unasema, nayo inahifadhi. Kisha akaenda jikoni kuchemsha maji ya chai ya yerba.

Dakika tatu. Mtangazaji ukimwachia dakika tatu anapindua serikali! Nikasafisha koo. Nikatoa ile sauti yangu ya taarifa ya saa mbili: "Ndugu wasikilizaji, tunasikitika kuwatangazia kwamba kisanduku hiki kimeharibika. Kitupeni. Chukueni kile kikubwa cha babu." Nikaipenyeza kadi katikati ya zile za picha.

Delmira akarudi na kibuyu cha yerba, akauliza mbona natoka jasho. Nikasema humita zina pilipili. Akauma yake, akatafuna polepole, akasema haisikii pilipili yoyote. Nikaaga.

Alhamisi, 15 Mei

Rosaura kapiga simu. Kasema mtoto aweze kukiendesha mwenyewe, kikianguka kisivunjike, na kisipige kelele. Nikasema langu linatimiza yote hayo.

"Baba, nakujua," akasema.

Maneno gani hayo kwa mzazi? Nikakata simu.

Nikafanya jaribio la kuangusha. Kutoka mezani, juu ya zulia. Kitufe kimoja kikaruka, kikaingia chini ya friji. Vimebaki kumi na sita. Bado namzidi Delmira kwa kumi na tano.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepiga pasi suti na kulitia dude betri mpya. Hotuba ya ushindi imefika kurasa nne. Nimeipunguza ziwe tatu, nisimwaibishe Delmira kupita kiasi.

Jumapili, 18 Mei

Nieleze kwa mpangilio, maana kesho watakuja kupotosha.

Empanada za nyama zilikuwa tayari mezani. Langu likatangulia, kwa heshima ya umri. Jacinta akalizunguka. Akabonyeza kitufe chekundu. Taa zote zikawaka, ngoma zikalipuka, Mjerumani akaanza kuhesabu. Mtoto akapiga ukelele, akakimbilia chini ya meza. Nikawaelezea kwamba ni furaha. Hakuna aliyenisikia. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, mpaka Fabricio akaling'oa betri kwa bisibisi.

Jacinta analia kwa kwikwi, kajikunyata kwenye mguu wa meza. Nikainama kumwita. Akanigeuzia mgongo. Mimi! Babu yake! Hapo kifua kilinibana kidogo. Empanada, bila shaka. Nilikula nyingi.

Delmira akapiga magoti, akasukuma kisanduku chake sakafuni. Jacinta akatokeza mkono mmoja, akachomeka farasi mwenyewe. Wimbo ukaanza. Akatoka, akacheza. Akachomeka samaki. Akachomeka mvua. Kisha akashika ile nyeupe.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba ni saa ya keki. Nimechelewa.

"Ndugu wasikilizaji..."

Wote wakanigeukia. Tangazo likasomwa mpaka mwisho, kila neno safi kama maji ya kisima. (Matamshi yangu hayajazeeka hata kidogo.) Delmira akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Rosaura akaanza, "Baba, wewe..." hakumaliza.

Maana Jacinta alikuwa amesimama, macho yamemtoka. "Babu!" akasema. "Babu yumo ndani!" Akachomoa kadi, akachomeka tena. Na tena. Mara ya tano akagonga kifuniko. "Hodi, Babu!" Akachukua kipande cha empanada, akakiweka juu ya kisanduku, ili nile humo humo ndani.

Rosaura alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akatoa hukumu akiwa hapo hapo chini: kisanduku cha Delmira. Moja kwa moja, hakuna rufaa. Jacinta akaja kunikalia mapajani na chombo chake, akaniambia nisimpigie kelele Babu wa ndani.

Nami nasema wazi: aliyeshinda ni sauti yangu. Kisanduku kilikuwa ukumbi tu. Hotuba sikuisoma. Nilikuwa na vumbi machoni.

Jumatatu, 19 Mei

Delmira kaja asubuhi akitokea kwa Rosaura. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake kaweka mezani kadi nyeupe tisa. Kasema mtoto kamwomba Babu mara saba tangu alipoamka, na haifai akue akisikia tangazo la kutupa vitu. Anataka hadithi. Fupifupi. Kwa sauti ya upole.

"Unaiweza sauti ya upole, Mzee Nicanor?"

Naiweza kuliko mtu yeyote mkoani! Kaniachia kisanduku hadi jioni, kaniambia ananiamini. Nikamshukuru. Nikamsindikiza hadi mlangoni kabisa.

Hadithi ya kwanza imekamilika kabla ya chakula cha mchana. Inahusu mbweha mmoja kizee, mjanja, mwenye roho mbaya, aliyefundisha nyimbo chekechea, na mwishowe akatumbukia kisimani. Nimembadilisha jina. Anaitwa Delmina.

Hakuna atakayegundua.