Kuzinduliwa kwa Bi Hapunjiki, Newala

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hakuweza kufika, waheshimiwa wawakilishi wa mwakilishi wake, masheikh, mapadri, wanunuzi binafsi wa korosho mlioketi kivulini, na ninyi wananchi wa Newala na Masasi mliosimama juani: shikamooni wakubwa! (Marahaba.)

Mimi, Fortunatus, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Vibonzo vya Maendeleo, nina furaha iliyopitiliza kuzindua jarida la Bi Hapunjiki, mwanamke wa kibonzo anayewasuta wanunuzi wenye mizani ya wizi, aliyezaliwa mwaka themanini na nane kwenye gazeti la ukutani pale Mkunya, kwa penseli ya Bi Anifa, Mama Awadhi, yule pale. (Vigelegele. Sauti: "Bi Hapunjiki si marehemu mama yake yule? Kamchora vilevile!") Naam, kamati imearifiwa kwamba marehemu hakuwahi kupigwa picha, na kwamba michoro mingine imeliwa na mchwa, ukabaki mmoja, ambao sisi tunao na Mama Awadhi anatufuata ofisini kuudai. Mama, punguza presha, suala lako linafanyiwa kazi.

Kuhusu usanifu, tulikaa semina Mtwara tukaubaini upungufu wa kiufundi. Chale za usoni tukaziondoa, maana soko huria halina kabila. (Minong'ono.) Ndonya, pambo la mdomo wa juu, inazuia tabasamu kwa mteja, ikaondoka. Mkono kiunoni ungewatisha wawekezaji, tukaushusha. Ugomvi nao tukaufuta, kwani wafadhili wetu ni wanunuzi haohao. (Makofi kivulini.) Kilichobaki, kitaalamu, ni kanga, na utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane! (Sauti: "Jarida lenyewe liko wapi?")

Swali zuri sana. Bi Hapunjiki oyee! (Oyee, za kivivu.) Sekta binafsi oyee! (Mtu anakohoa.)

Namalizia kwa kuwashukuru kwa uvumilivu, kwani jarida halijachapwa, wala halitachapwa, bajeti ikiwa imeishia kwenye pilau ya semina. Maboresho yote yamo vichwani mwa wajumbe tu, na kwa kubana matumizi hata hotuba hii imepigwa taipu nyuma ya mchoro wa Mama Awadhi, ambaye namshukuru kwa karatasi.

(Anifa anapanda jukwaani, anaichukua karatasi mkononi mwa Mwenyekiti.)

Mama Awadhi! Jamani, sijamaliza! Ndugu wananchi... ndugu... Hivi nilikuwa nasemaje?

(Wote wamemzunguka Anifa, wanamwamkia mama yake mchoroni.)