Darubini za Kumuaga Veretennikova

Alhamisi, 6 Februari

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ukumbi. Jumamosi ya wiki ijayo Agnia Veretennikova anacheza baleti ya *Mfumaji* kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo anastaafu. Nilisimama kwenye theluji nikalisoma, nikalisoma tena, kana kwamba maneno yangeona aibu yakabadilika. Hayakubadilika. Nikaenda dukani kununua mkate, nikarudi nyumbani bila mkate.

Ana miaka thelathini na tisa. Kwenye baleti huo ni uzee. Mimi nina sabini na mbili na daktari ananiambia bado ni kijana.

Marehemu mke wangu Zina ndiye aliyenifundisha kumtazama. Acha miguu, alikuwa akisema, kila mtu anatazama miguu. Tazama mgongo. Mguu unafundishika, lakini mgongo unasema ulichonacho ndani. Tulikuwa tukikaa roshani ya juu kabisa, safu ya mbele, pembeni kushoto. Bado nakaa hapo. Kutoka juu unaiona mistari yote ya wachezaji, inavyofunguka na kujifunga. Wa viti vya chini wanaona magoti na kusikia viatu vikigonga mbao. Na ndio wanaolipa pesa nyingi. Sina haja ya kuwaelimisha.

Mwaka juzi nilimpelekea Veretennikova maua mlango wa nyuma. Alinijua kwa sauti. Akasema: kumbe wewe ndiye ile sauti ya "bravo!" ya juu kushoto. Akasema kila akitoka kuinama mbele ya watu, hutazama kule kwanza. Sijamwambia mtu. Au tuseme, nimewaambia wachache.

Basi hiki ndicho kinachoninyima usingizi: makoti. Watu wa mji huu hawangoji pazia lishuke. Muziki ukielekea mwisho tu, wameshainuka, wanakimbilia chumba cha makoti, walikoyaacha walipoingia, ili wasisimame foleni na wasikose basi la ng'ambo ya mto. Mzee Anikin, mchezaji mwenzake, alipoagwa vuli iliyopita aliinamia migongo na viti vitupu. Akatabasamu vilevile. Sikuweza kula siku ile.

Kwa Veretennikova haitatokea. Nimeapa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeanza kazi. Nilimwendea Faina Lukinichna, mkuu wa chumba cha makoti, nikiwa na boksi la biskuti. Nikamwomba Jumamosi ile asifungue dirisha mpaka pazia lishuke kabisa.

Alipokea biskuti. Ombi akalikataa. Akasema na yeye ana basi la kuwahi. "Gleb Savvich, baba, watu wakikuta dirisha limefungwa watanila mimi nyama. Nje baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, wewe unanichezea na makoti?"

Nikamuuliza, kwa uchungu, kama hakuna hata mtu mmoja asiyekimbia. Akasema wapo. Wa darubini. Mtu aliyekodi darubini, kile kidude cha kusogezea jukwaa machoni, anairudisha kwenye kidirisha cha pembeni na koti lake anapewa hapohapo, bila foleni. Hao hutoka taratibu kama wakwe.

Nilikuwa nikilijua jambo hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulifikiria. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Wazo lilikuwa linanipasha moto.

Wote wakikodi darubini, hakuna atakayehitaji kukimbia. Wataketi. Watapiga makofi. Ni rahisi mno, nashangaa akili za watu.

Jumapili, 9 Februari

Onyesho la mchana, la watoto. Nimeanza kueneza habari: kwenye ngazi, kwenye mkahawa wa ukumbini, kwenye foleni ya choo. Nilikuwa nikimsogelea mtu na kumwambia sikioni kwamba Jumamosi kutakuwa na msongamano mkubwa, ila mwenye darubini hatasimama foleni, na asimwambie mtu mwingine.

Imeniuma kidogo. Darubini mimi naichukia. Darubini ni adui wa baleti. Unapata uso mmoja, unapoteza wachezaji wote waliobaki. Ni sawa na kula karamu nzima kwa kunyonya kijiko. Lakini kwa ajili ya Veretennikova nimemeza.

Roza Nikitichna alikuwepo. Huyu ndiye kiongozi wa mashabiki wa yule msichana mpya, Shilova. Anakaa roshani ileile ya juu, ila upande wa kulia, na tangu Zina afariki tumekuwa tukinuniana kupitia hewani. Aliniuliza leo nanong'ona nini na kila mama mwenye sambusa mkononi. Nikamwambia ni mambo ya watu wanaojua baleti. Akasema, "Mzee wangu, Veretennikova wenu goti lishachoka, na wewe ulimi ndio kwanza unaanza mbio." Nikamjibu kwamba Shilova anaruka vizuri sana, na panzi pia. Nikaondoka kabla hajajibu. Ushindi.

Jumanne, 11 Februari

Jirani yangu Ruslan, fundi wa lifti, mtu ambaye hajakanyaga ukumbini tangu aoe, amenisimamisha ngazini. Akaangalia huku na huku. Akaniambia mke wake kapata tiketi za Jumamosi, na kwamba kuna siri: ukichukua darubini hupangi foleni ya koti. Nisimwambie mtu.

Nikamshukuru. Nimefurahi mno. Nilitia jiwe majini Jumapili, leo mawimbi yamenifikia mlangoni kwangu!

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nilipata hofu. Je, darubini zitatosha? Nikamkimbilia Faina Lukinichna. Alikuwa amekasirika. Simu hazikatiki, kila mtu anaulizia darubini, hajui mji umeingiwa na nini. Wametoa maboksi yote ya ghalani, hata zile za zamani za shaba zenye mpini. Zitamtosha kila mtu.

Nikaonyesha kushangaa. Ndani nilikuwa nacheza.

Nikiwa natoka nikakutana na Roza Nikitichna. Kasikia. Akauliza kama ni kazi yangu, nami nikainamisha kichwa kwa heshima. Akasema yeye hatachukua darubini yoyote. Akasema: si ungekaa tu kitini mwako, ukapiga makofi, basi? Nikamwonea huruma. Mtu asiye na fikra kubwa ana maisha mepesi.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika bado nimevaa suti. Sijui nianze wapi.

Nianze na uzuri. Sehemu ya tatu, pale mke mfumaji anapoelewa kwamba mumewe hatarudi kutoka mlimani. Muziki unapungua mpaka unabaki uzi mmoja wa fidla. Yeye anakaa kwenye kigoda, ametugeuzia mgongo. Hakuna hatua wala kuruka. Wachezaji wengine wanapita kwa mistari na nyuzi nyekundu mikononi, wanamzunguka, wanamfuma katikati, naye hasogei. Ukumbi mzima ukainua darubini kwa pamoja. Walikuwa wanatafuta machozi. Wakapata nywele tu. Mimi, bila darubini, niliona kila kitu: nyuzi, mistari, na mgongo ule mdogo ukibeba nyumba nzima. Mabega yakashuka kidogo tu. Nikamjua mtu anayeondoka mahali anapopapenda. Nililia. Nikageuka kushoto kumwambia Zina.

Bravo yangu nilikuwa nimeitunza kifuani kwa ajili ya mwisho.

Muziki ulikuwa bado. Kule chini bwana mmoja akaangalia darubini yake, akafikiria kidirisha cha pembeni. Akaangalia wa kulia kwake. Ana darubini. Wa kushoto, ana darubini. Wa mbele, wa nyuma. Kidirisha ni kimoja, na ni kidogo. Akainuka. Kutoka juu unaiona mistari yote: niliona wazo likipita safu hadi safu, viti vikifunguka na kujifunga, watu wakimiminika milangoni. Hawajawahi kukimbia mapema vile. Kwa Anikin angalau walingoja muziki ukaribie mwisho.

Kukaa tu nisingeweza. Mtu mwenye moyo asingeweza. Nikashuka ngazi mbio kwenda kuwarudisha.

Chini ilikuwa vita. Watu wote walikuwa kwenye kidirisha cha pembeni, darubini juu, wakisukumana. Dirisha kubwa la kawaida halikuwa na mtu hata mmoja. Mhudumu wake alikuwa amekaa anafuma soksi. Nilipiga kelele kwamba kule ni wazi, nendeni kule, au afadhali rudini ndani. Mama mmoja akaniambia yeye amelipia haki yake ya kutosimama foleni na hatatoka kwenye foleni hii. Nikasukumwa mpaka mbele kabisa, tumbo kwenye kaunta. Faina Lukinichna aliponiona macho yake yalikuwa mekundu. "Ni wewe," alisema.

Kisha akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba nusu saa nzima hakuna koti litakalotoka, mwenye akili akakae. Wa nyuma walikuwa na akili. Walirudi ukumbini kupumzisha miguu. Na kupitia milango nikasikia makofi. Kwanza machache, ya mtu mmoja mkaidi na wenzake wawili watatu. Halafu mengi. Halafu ukumbi mzima, ukitetemesha vioo, kwa sababu waliorudi walimkuta bado anainama na hawakuwa na kazi nyingine.

Mimi sikuweza kurudi. Wa mbele hatoki mpaka wa nyuma waishe. Nikapiga bravo yangu pale pale, kuelekea kwenye makoti.

Nilipofika juu pazia lilikuwa limeshuka. Mfagiaji alikuwa anaokota kamba za maua.

Jumapili, 16 Februari

Roza Nikitichna kapiga simu. Miaka yote hii hajawahi kunipigia. Nilifikiri atanicheka, nikawa nimeandaa majibu mawili.

Hakucheka. Alisema makofi yale ya mkaidi yalikuwa yake. Alisema si kwamba alikuwa anampenda sana Veretennikova, ila mtu haachwi ainamie viti. Kisha akasema: Veretennikova alipotoka kuinama mara ya kwanza, ukumbi ukiwa mtupu, alitazama juu kushoto. Akatazama muda. Alipotoka mara ya pili, watu wamerudi, kelele imejaa, akatazama tena kulekule.

Nikauliza ikawaje.

"Nilihamia kitini kwako," alisema. "Nikampungia mkono. Ningefanyaje, Gleb? Pangekuwa patupu."

Majibu yangu mawili hayakufaa. Nilimshukuru. Baada ya simu nilikaa jikoni na chai ikapoa. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa yule mwanamke, sauti moja kutoka juu kushoto, na nilikipeleka kwenye chumba cha makoti. Inauma. Inauma hata kuandika.

Roza Nikitichna ameniomba jambo. Mwezi ujao Shilova anacheza *Mfumaji* kwa mara ya kwanza, na ana hofu sana. Nikae kitini mwangu, nipige makofi, basi. Nimeahidi.

Jumanne, 18 Februari

Nimelala vizuri na nimeyatazama mambo kwa utulivu.

Ukweli ni kwamba mpango ulifaulu. Lengo lilikuwa nini? Watu wakae wapige makofi. Walikaa? Walikaa. Mji huu haujawahi kumpigia mtu makofi marefu vile. Kasoro ilikuwa moja, nayo si yangu: makoti yalikuwepo chumbani. Koti likiwa chumbani, moyo wa mtu uko chumbani. Watu wakija nayo ndani, wakayakalia, wakimbilie nini?

Nitakaa kitini mwangu, kama nilivyoahidi. Ila nitachelewa kidogo, maana lazima mtu asimame mlangoni awaelekeze.

Roza Nikitichna sijamwambia, nataka ashtuke. Nimemwambia Ruslan tu, na nimemsihi asimwambie mtu.