Kuzinduliwa kwa Kashe ya Masjala ya Vizazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wake, ambaye yuko njiani. Wakuu wa idara, manaibu wao na wanaokaimu nafasi za manaibu. Akina mama mliobeba watoto, na ninyi mlioketi ngazini kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Masjala ya Vizazi, nasimama kifua mbele kuwatangazia kwamba pefomansi ya diski yetu, kwa upande wa usomaji, imepanda kwa asilimia mia tisa, na hii ni kwa sababu ya kashe, yaani kumbukumbu ya haraka inayoshika nakala ya faili linaloitwa mara kwa mara ili diski isihangaike kulitafuta upya, jambo nililolithibitisha binafsi kwa kuita faili moja mara arobaini. (Sauti: “La nani?”) La kwangu. (Kicheko.)

Kwa upande wa uandishi, nimeelekeza sistimu ipokee taarifa kwenye kashe, ijibu “imehifadhiwa” papo hapo, halafu diski iandikiwe baadaye kwa wasaa wake, hivyo ile foleni iliyokuwa ikifika getini... (Mama mmoja anasimama, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani.) Ndiyo, mama?

(Mama: “Niliwaandikisha hawa Jumanne, mashine ikasema tayari, umeme ukakatika. Leo kliniki wananiambia hawapo!”)

Mama yangu, walikuwepo, ila kwenye kashe. Diski walikuwa hawajaifikia.

(Mama: “Mimi nimeshawazaa, wewe unaniambia wako njiani?” Vigelegele.)

Fundi wetu wa kompyuta, mbona unanyoosha mkono?

(Fundi: “Mkuu, nilikwambia kashe ya kuandikia inataka betri yake, umeme ukizima data isipotee. Ukasema kasi tunaitaka leo, betri tutaitafuta.”)

Betri ni awamu ya pili.

(Fundi: “Na awamu ya kwanza iko wapi?”)

Nipeni maji. Karani, leta daftari la karatasi, uwaandike pacha hawa mbele yangu, na wote wa Jumanne wapange mstari. Mama, unisamehe. (Mama: “Andika kwanza.”)

Masjala! (Oyee!) Kasi! (Oyee!) Kashe! (Mtoto analia.)

Kwa kumalizia, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kuitandika meza hii kitambaa chekundu kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hata mimi nilisahau kuwa chini yake hakuna mtambo wowote, maana tulichofanya ni kubadilisha mpangilio mmoja tu kwenye kompyuta ileile ya zamani. Asanteni sana. Mwenye kalamu inayoandika anisogezee.