Mwenye Hoteli Kashuka na Ndege ya Asubuhi

Balozi aliiona hoteli yake kwa mara ya kwanza akiwa angani, katika jarida lililokuwa kwenye mfuko wa kiti cha mbele yake, baina ya tangazo la manukato na ramani ya safari za ndege. Ilikuwa jengo jeupe la ghorofa nne, lenye nguzo nene mlangoni na baraza pana lililoning'inia juu ya maji ya bandari. Aliitazama kwa muda, akazipenda nguzo, akaamua kwamba ni yake.

Ifahamike mapema kuwa Balozi hakuwahi kuwa balozi wa nchi yoyote. Jina hilo alipewa na watu aliowatapeli, kwa sababu ya sauti yake nzito iliyotoka taratibu, kama ya mtu anayesoma risala. Mali yake yote ilikuwa suti moja ya kijivu aliyoivaa, saa ya dhahabu ambayo mwenyewe halisi alikuwa bado anaitafuta, na begi dogo la nguo. Katika mji aliotoka, kulikuwa na watu waliomsubiri nje ya nyumba wakiwa na maswali, na mmoja wao alikuja na mbwa. Ndiyo maana akapanda ndege iendayo mbali kuliko zote, kwenda mji asioujua hata uchochoro.

Kwenye kiti cha jirani alikaa mama mmoja mnene, mwenye viganja vigumu kama soli na bangili za dhahabu kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Kila bangili ilipogonga mwenzake, Balozi alisikia kama anaitwa.

"Mama yangu, unakwenda kutembea au kikazi?"

"Nakwenda kutafuta pa kuuweka uzee wangu," mama alisema. "Nimeuza mbao mpaka nikilala nasikia msumeno. Binti yangu anataka nikae naye. Mimi na yule mkwe wangu chini ya paa moja? Nitampiga randa! Natafuta kajengo kenye wapangaji, karibu na maji, kwa bei ya kumcheka aliyeniuzia."

Balozi alilifunga jarida na kulikalia.

"Dunia hii ndogo jamani," akasema. "Mimi nakwenda kuuza kajengo. Kahoteli tu. Ghorofa nne."

"Unauza kwa nini?"

Balozi aligeukia dirisha. Nje kulikuwa na giza la mawingu, lakini alilitazama kwa uchungu. "Marehemu mke wangu aliipenda sana. Kila nikisimama pale barazani namwona ameshika kikombe chake."

Balozi hakuwahi kuoa. Mke huyo alikuwa ameshafariki mara nyingi, kwa maradhi mbalimbali, kulingana na mali iliyokuwa inauzwa.

"Pole sana, mwanangu," alisema mama, ambaye Balozi alikwisha kumwita Mama Mbao moyoni, akampigapiga begani. Akanyamaza kwa muda unaostahili msiba, kisha akauliza, "Kwa hiyo una haraka ya kuuza?"

Hapo Balozi akajua amepata mtu wake. Safari nzima, abiria wengine wakikoroma vinywa wazi, yeye alikuwa macho akijenga hoteli. Aliweka vyumba, akaweka mpishi, akaweka wageni wanaorudi kila mwaka. Ndege ilipoanza kushuka, alikuwa hajafumba jicho. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa kamba, na masikio yote mawili yalikuwa yameziba, akawa anamsikia tu aliye karibu kabisa au anayepaza sauti.

Mji ukawapokea kwa joto, harufu ya chumvi na honi za vivuko. Balozi alikuwa amepanga kumsindikiza mama mahali pa kulala, kisha aende peke yake akaione hiyo hoteli na kuizoea kidogo. Mama Mbao hakutaka kusikia.

"Twende moja kwa moja."

"Mama, pumzika kwanza. Safari imekuwa ndefu."

"Nitapumzika nikishanunua." Akaingia kwenye teksi, na teksi ikalala upande wake.

"Wapi?" dereva akauliza.

"Hoteli nyeupe," alisema Balozi kwa sauti ya mwenye mji. "Ile ya nguzo, kwenye maji."

"Ile inayonuka?"

Masikio yalikuwa yameziba. Balozi aliona midomo ya dereva ikicheza, akatabasamu. "Hiyohiyo! Wewe ni mwenyeji kweli."

"Amesema inanuka," Mama Mbao alimwambia karibu na sikio. "Nashusha bei."

Wakapita kwenye maghala, wakapita kwenye kreni zilizoinamia meli, na Balozi akaona ni wakati wa kuvua samaki wake. Akamweleza mama kwamba mnunuzi mwingine anafika mchana, mtu mbaya, ana haraka na ana marafiki serikalini. Angependa sana kumwambia hoteli imeshashikwa. Lakini imeshikwa na nini? Maneno matupu?

Mama Mbao akafikiri, akaanza kuvua bangili. Hazikutoka, maana ndege ilikuwa imemvimbisha na yeye. Akapaka mafuta ya mikono, akavuta, akakunja uso kama anayeng'olewa jino, na mwisho zikatoka mbili.

"Shika hizi. Nikiiona hati kwa macho yangu, utaona nyingine."

Balozi akazitia mfukoni kwa heshima ya mtu anayepokea sadaka. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: aingie mlango wa mbele na mama, atoke mlango wa nyuma na bangili.

Teksi iliposimama, alimwachia mama kazi ya kulipa, akamkimbilia mzee aliyesimama mlangoni kubeba mizigo ya wageni. Mzee alivaa sare nyekundu iliyopauka na kofia iliyomlalia masikioni. Balozi akamchomekea noti kiganjani.

"Mzee wangu, nisaidie utani mdogo. Yule mama akifika hapa, niite bosi. Fanya kama hoteli hii ni yangu."

Mzee alimtazama kuanzia viatu visivyofungwa hadi tai. Kitu fulani kikawaka usoni mwake, polepole, kama taa umeme unaporudi. Akairudisha ile noti mfukoni mwa Balozi, akampigapiga kotini.

"Utani gani bwana? Siwezi kupokea pesa kwa bosi wangu." Halafu akavuta pumzi, akapaza sauti iliyosikika hadi kwenye vivuko: "Karibu nyumbani, bosi! Jamani, mwenye hoteli amefika!"

Mbeba mizigo anayerudisha noti ni wa kukimbiwa. Balozi angeweza kuliandikia kitabu jambo hilo. Lakini alikuwa hajalala, na ni nani asiyependa kukaribishwa nyumbani?

Ndani, dada wa mapokezi akainua uso. "Bosi? Lakini bosi si…"

Mzee akashikwa na kikohozi kirefu sana, na katika kukohoa akamkanyaga dada mguu. "Ndiye," akasema alipopona. "Ndiye mwenyewe. Kashuka na ndege ya asubuhi."

Dada akaelewa haraka. "Shikamoo, bosi!"

Wapishi wakatoka jikoni, wafua nguo wakatoka na mapovu mikononi. Wote wakampa mkono. Mmoja alimshukuru kwa kuja hadi machozi yakamtoka. Balozi akaguswa. Katika maisha yake yote ya kazi, hakuwahi kudanganya mahali penye ushirikiano kama hapa.

Mama Mbao alikuwa anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole. Akaisikiliza, akaikwaruza kwa ukucha. "Hii si mbao. Ni vumbi na gundi. Bei inashuka tena."

"Keti, mama, upate kitu baridi. Nakwenda kuchukua hati."

Akaondoka kwa mwendo wa bosi hadi kwenye kona, kisha kwa mwendo wake mwenyewe. Alipita korido, akapita stoo, akaona mlango wa nyuma na kipande cha barabara yenye uhuru mtupu. Mkono wake ulipogusa kitasa, mzee alikuwa pembeni yake.

"Bosi, huko wanatoa takataka. Ofisi yako iko huku."

"Nilitaka kupunga upepo tu."

"Upepo uko barazani!" Akamshika kiwiko. Mzee wa kubeba mabegi ana mkono, nao haukuwa wa kuombwa uachie. "Na wafanyakazi wote wameshakwenda huko wakusikilize."

Baraza lilijaa watu. Mama Mbao naye alikuwepo na soda yake, amekaa mbele. Pale ukingoni mtu mmoja mwembamba mwenye miwani alikuwa ameinama na chupa iliyofungwa kamba, akichota maji ya bandari, na nyuma yake walisimama askari wawili wa jiji waliovaa kiraia. Balozi aliwaona akawadhani ni wavuvi wa kistaarabu.

Aliombwa aseme neno. Kumwomba Balozi neno ni kumwomba mlevi aonje.

"Ndugu zangu," alianza, sauti ikishuka hadi tumboni, "kila nguzo ya hoteli hii nimeisimamisha mimi. Kila bomba lililofukiwa hapa, nimelifukia kwa fedha yangu na kwa idhini yangu. Mimi ndiye mwenye hoteli, mimi peke yangu!"

Wakapiga makofi hadi viti vikatikisika. Mzee ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Yule mwembamba akainuka na chupa yake. Maji ndani yalikuwa na rangi ambayo maji hayatakiwi kuwa nayo. Akasema jambo, na Balozi, kwa masikio yaliyoziba, akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ndiyo, kabisa. Akatoa mkono apewe pongezi, akawekewa pingu.

Sikio la kulia likafunguka palepale, *pwa!*

"…kutiririsha choo cha vyumba vyote baharini," yule mwembamba, Bwana Afya wa jiji, alikuwa anamalizia. "Mwaka mzima tumekutafuta. Kwenye makaratasi tunakuta kampuni tu, na kampuni haina uso. Nashukuru umekubali mbele ya watu."

"Hapana! Ngoja!" Balozi alipauka. "Hoteli si yangu!"

"Umesema sasa hivi."

"Nilikuwa nadanganya! Mimi ni tapeli, bwana mkubwa. Tapeli wa kawaida! Mji huu sijawahi kuukanyaga kabla ya leo. Nguzo hizi nimeziona kwenye jarida!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Balozi kusema ukweli mfululizo, na ukweli ulimtoka vibaya, kama nguo ya kuazima.

"Wenye mahoteli wote husema hivyo tukiwakamata," alisema Bwana Afya kwa uchovu.

"Muulize yule mama! Mama, waambie mimi ni nani!"

Mama Mbao akaweka soda chini. Alimtazama Balozi, akawatazama wafanyakazi waliokuwa wamenyamaza ghafla, akamtazama mzee wa mabegi aliyekuwa anaifuta kofia yake bila sababu.

"Nimekaa naye safari nzima," alisema. "Hakuzungumza kingine ila hoteli yake. Hata baraza hili amelisifu, maskini, kwa ajili ya marehemu mkewe."

Akaja karibu, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti la Balozi, akachukua bangili zake mbili. Kisha akaifungua saa ya dhahabu kwa upole wa mama anayemvua mtoto. "Na hii, kwa nauli ya teksi. Nenda salama, mwanangu."

Gari la jiji lilipoondoka, Mama Mbao alirudi mapokezi akakaa kwenye kochi, akawa anamchungulia mzee wa mabegi. Mzee alivua kofia, akajitupa kwenye kiti cha mbele yake, akanyoosha miguu. Dada wa mapokezi akamletea kahawa, akampa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Mama Mbao.

Kikombe kikasimama njiani.

"Mama, mimi ni mbeba mabegi."

"Mbeba mabegi haletewi kahawa na watu wasiothubutu kukaa. Umejificha ndani ya sare hiyo muda gani?"

Mzee akashusha pumzi. Alionekana mtu aliyebeba mabegi ya kweli. "Tangu walipoanza kunitafuta. Mgongo umekwisha, dada yangu. Kubadilisha lile bomba ni gharama ya kuua. Leo asubuhi nimesimama pale mlangoni nawaza nitoroke, mara anashuka kijana wa suti ananiomba nimwite bosi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwita," alikubali Mama Mbao. Aliinuka akaenda dirishani, akasogeza pazia. "Gari la Bwana Afya liko kwenye foleni pale kwenye kona. Halijasogea. Mguu wangu umevimba, lakini nikiamua nalifikia."

Mzee alilitazama gari, akamtazama mama. Mama akazirudisha bangili zake mbili mkononi, zikagongana na wenzake.

"Hoteli inanuka," alianza Mama Mbao, akikaa tena kwa raha zake. "Kaunta ni ya gundi. Bomba nitalijenga upya mimi. Haya, sema bei, na useme kama mtu mwenye haraka."

Mchana huo, katika ofisi ya jiji yenye feni ya dari iliyozunguka bila kuleta upepo, karani alikuwa anamwandikisha mshtakiwa. Balozi alikaa kwenye benchi, miguu nje ya viatu, amechoka kuliko mtu yeyote mjini. Hakuwa na nguvu ya kutunga hata jina la uongo.

"Kazi yako?"

"Tapeli," alisema Balozi.

Karani akamtazama suti, akamtazama tai, akachovya kidole kwenye sponji na kugeuza ukurasa.

"Naandika mwenye hoteli," alisema. "Ni yaleyale."