Miaka Ishirini ya Wabuge

Mtu huyu tumwite Wabuge. Nina sababu zangu za kutotaja jina lake halisi, na ya kwanza ni kwamba linafanana sana na langu.

Siku aliyosikia kwenye kibanda cha chapati pale mtaani Pioneer kwamba chama cha akina mama wa Sugoi kimeuza mahindi na kina laki nane zisizo na kazi, Wabuge alikula chapati tatu kwa furaha na hakulipia hata moja. Akanunua tai, akabuni kampuni isiyo na ofisi, kisha akaenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, kuchapisha grafu ya mistari miwili. Grafu hiyo aliitoa kwenye mtandao na ilikuwa ya kweli, kosa ambalo tapeli mzoefu halifanyi.

Jumamosi akasimama sebuleni kwa Mama Priscah, mweka hazina wa chama na mwalimu mstaafu wa hesabu. Akawaeleza akina mama kwamba mfuko wa mapato hukopesha serikali na kampuni, na kuleta riba kidogo kidogo bila kelele. Mfuko wa fahirisi hununua kipande cha kila kampuni kubwa kwenye soko la hisa. Mwaka huu unapanda, mwaka ujao unakupa presha, lakini baada ya miaka ishirini umeuacha ule mwingine mbali. Alieleza vizuri hadi akaanza kuamini mwenyewe, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yake.

"Na mtu akitoa mapema?" Mama Priscah akauliza.

"Huyo ndiye hupata hasara, Mama. Hii pesa unaweka, unasahau."

Mama Priscah akayaandika maneno hayo, kisha akaweka kikapu mezani. Desturi yao ni ile ya harambee: mgeni aliyeleta wazo hutoa kwanza, mbele ya watu. Wabuge alikuwa na elfu sitini, bei aliyouzia pikipiki yake na mali yake yote duniani. Akawaza kwamba baada ya dakika chache ataondoka na kikapu kizima. Akazitia zote huku akitabasamu kama mbunge, akapigiwa makofi. Akina mama nao wakatia zao.

Alipoukunjua mkono kuchukua kikapu, Mama Priscah akamwambia akae anywe chai. Alikuwa ameshapata kampuni yenye leseni inayouza mfuko kama huo wa fahirisi, na Jumatatu angepeleka pesa zote huko kwa jina la chama.

"Lakini mimi si mwanachama," Wabuge akasema.

"Sasa wewe ni member, kijana yangu. Tumeandika kwa minutes za mkutano, hakuna mtu kutoa kabla ya miaka ishirini. Si ni wewe umetufunza?"

Angesema nini? Kwamba grafu ni ya uongo? Haikuwa. Alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akarudi kwa miguu hadi barabara ya lami kwa sababu pikipiki ilishauzwa.

Basi nikiri, Wabuge ni mimi. Kila mwezi Mama Priscah hunitumia ujumbe wa hali ya soko, na likishuka silali. Nina miaka hamsini na mbili. Ili nizione pesa zangu lazima nifike sabini na mbili, kwa hivyo nimeacha sigara, na chapati nakula moja tu, tena nalipa.